Malalo ya Januari si malalo ya Novemba

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde katika jimbo la Minnesota, Marekani, hufungwa tarehe 31 Desemba, na kuanzia hapo vilima vya kusini-mashariki, kandokando ya mto Mississippi, husomeka kuliko wakati wowote wa mwaka. Miti imepukutika, unaona mbali, na theluji haimfichi aliyepita. Wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe hutoka sasa kutafuta malalo. Wengi huyapata, wakayatia alama kwenye ramani ya simu, halafu ikifika Novemba wanakaa juu ya mti palepale na kuambulia kuchungulia kindi.

Shida ni kwamba malalo ya kwenye theluji yanakueleza kulungu analala wapi akiwa na baridi na njaa. Januari anatafuta jua, kinga ya upepo na chakula kisicho mbali. Kwa hiyo utamkuta kwenye miteremko inayotazama kusini, chini ya misonobari na mierezi ambayo matawi yake huzuia theluji, au karibu na shamba la mahindi lililobakiwa na punje chini. Dume wa Novemba ana hesabu nyingine: anataka kunusa, kuona, na kutoroka kwa hatua mbili. Wakati mwingine sehemu hizo mbili hukutana, lakini usiamini mpaka uthibitishe.

Anza na theluji hata hivyo, maana inafundisha. Ikishaanguka mpya, ngoja siku moja au mbili ili nyayo zijikusanye. Tafuta njia inayoingia shambani jioni, kisha ifuate kinyumenyume, ncha za kwato zikikuelekea wewe. Itakufikisha alikotoka. Malalo yenyewe ni shimo lenye umbo la yai. Joto la mwili limeyeyusha theluji, na chini pamebaki ukoko wa barafu wenye nywele zilizogandia. Toa futi ya kupimia. La dume mzima hukaribia au kupita sentimita 110 kwa urefu, la jike huwa kama 90, la mtoto pungufu ya hapo. Ukikuta malalo matatu manne ya ukubwa tofauti, kila moja limeelekea upande wake, hiyo ni familia ya jike. Moja kubwa lililojitenga kwenye pua ya kilima ndilo la kuchunguza, ingawa baada ya msimu wa kupandana madume nao huchangamana na wengine, kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi.

Kinachotosha ni kurudi Machi, theluji ikishayeyuka na majani mapya hayajachipua. Malalo ya vuli yanayotumika mara kwa mara huonekana wazi: majani makavu yamesagika hadi udongo umebaki mtupu, na mara nyingi nyuma kuna gogo, shina au kisiki cha kuegemeza mgongo. Kinyesi ni cha rika tofauti, kingine cheusi, kingine kimeshafifia. Halafu angalia miti myembamba iliyo mita chache kando. Dume husugua pembe kwenye magome kuanzia Septemba, anapomaliza kuvua ngozi laini ya pembe, hadi msimu wa kupandana. Gome lililochubuliwa karibu na malalo ndilo tarehe yako: alikuwa hapa vuli. Malalo yasiyo na michubuko karibu mimi huyapa alama ya pili tu. Na upande wa shina uliochubuliwa kwa kawaida ndio alikotokea, kwa hiyo unakuonyesha kama alikuwa anaondoka au anarejea.

Sasa suala la upepo, ambalo wengi hulisema bila kulipima. Kwenye vilima hivi dume hupenda theluthi ya juu ya mteremko, upande wa demani, yaani ule uliokingwa. Upepo wa vuli ukitoka kaskazini-magharibi, analala upande wa kusini-mashariki: harufu ya mtu anayekuja kutoka nyuma ya mgongo wa kilima inamfikia, hewa iliyopashwa na jua inapanda kutoka bondeni na kumletea harufu za chini, na macho yake yanatazama mteremko wote. Jua likizama hewa hupoa na kushuka, mambo yanageuka. Rusha nyuzi za sufi ukiwa kwenye malalo, uziangalie zinakokwenda. Dakika moja ya hiyo inashinda saa nzima ya kubahatisha kwenye ramani.

Halafu piga magoti ndani ya malalo, macho yawe kama sentimita 70 kutoka ardhini, na upige picha pande zote nne. Ukisimama, unaona kichaka kinachokuficha vizuri. Ukipiga magoti, unagundua kwamba chini ya kichaka hichohicho njia yako ya kuingilia iko wazi kabisa.

Kwenye vinamasi, barafu inakufikisha visiwa vya nchi kavu ambavyo vuli huvifikii bila mtumbwi. Kima cha chini cha kutembea ni sentimita 10 za barafu mpya, angavu. Ile nyeupe ina nguvu nusu. Karibu na matete na maji yanayotembea barafu huwa nyembamba, kwa hiyo beba fimbo ya kugongea. Simu weka mfuko wa ndani, baridi huua betri.

Kuna siku za kutokwenda. Idara ya maliasili ya jimbo huhesabu ukali wa kipupwe kwa pointi: moja kwa kila siku yenye theluji ya inchi 15 au zaidi, moja kwa kila siku ambayo baridi imeshuka hadi sifuri ya Farenihaiti au chini yake. Zikipita 180, kipupwe ni kikali. Kulungu wakati huo anaishi kwa mafuta aliyoyaweka, na kila mbio unayomkimbiza ni mafuta yaliyokwenda. Subiri Machi.

Kwa wenzetu wa Kenya na Kongo walioko huku: aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda asijue kwamba aliyezaliwa baada ya 1979 kwa kawaida anahitaji cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kupata leseni. Kutembea kutafuta malalo hakuhitaji leseni, na pembe zilizodondoka unaweza kuziokota, ila shamba la mtu ombea ruhusa hata kama halina kibao. Na Machi, joto likizidi nyuzi 4 za Selsiasi, kupe wameshaamka: chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti.