Nibadilishe pikipiki au nibaki na hii?

Jamani, wiki ya tatu sasa usingizi hauji kwa sababu ya pikipiki.

Jumamosi nilirudi kutoka Voi, kama kilomita 150 hivi, na hii Dominar yangu yenye injini ya cc 400. Kwenda ilikuwa raha tupu. Kurudi, upepo wa kusi ulinikaba usoni tangu Taru. Nilipofika Changamwe shingo ilikuwa imekaza kama mti, vidole viwili vya kushoto vimekufa ganzi. Upepo si wa kuchezea: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu yake kifuani inakuwa mara 4.

Sasa kuna jamaa wa Nyali anauza BMW R1250RT, ile yenye kava pana mbele na kioo kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Alinipa niizungushe hadi Mtwapa. Wallahi, nilisikia pumzi zangu mwenyewe ndani ya helmeti!

Lakini ina kilo 279. Na sitaha ya feri ya Likoni ni chuma, ikilowa inateleza. Ikinilalia pale nitainua na nani? Halafu foleni ya daraja la Nyali na joto letu hili, injini kubwa inakuchoma miguu.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, kwa mwezi unatoka nje ya Mombasa mara ngapi?"

Mara 2. Siku nyingine zote ni Tudor na kazini.

Basi nabaki na Dominar. Nimeagiza kioo kirefu zaidi, nitakijaribu mwisho wa mwezi nikienda Malindi.