Nilivyojifunza ufinyanzi wa gurudumu: kila hatua na maji yake

Katika darasa la ufinyanzi la wanaoanza, jambo lililonifungulia njia ni kufuatilia maji yaliyomo ndani ya udongo. Chombo kikilegea gurudumuni, kikipasuka kitako, kikibanduka mkono wa kushikia au kikilipuka jokoni, yaani kwenye tanuri la kuchomea, chanzo mara nyingi ni maji yaliyozidi au yasiyolingana sehemu zote.

Naanza na donge la gramu 500 hadi 700, kwa sababu donge kubwa humshinda anayeanza. Nalikanda juu ya meza ya plasta (jasi iliyoganda) au turubai, nikilisukuma kwa viganja na kulirudisha, mara 50 na zaidi. Kisha nalikata katikati kwa waya na kutazama uso wake. Nikiona vishimo, au mistari ya udongo mgumu ndani ya ule laini, narudia. Udongo ukinata sana viganjani, nauacha juu ya plasta inyonye maji kidogo. Ukichanika pembeni unapobonyezwa, ni mkavu mno kwa gurudumu.

Kuliweka donge katikati ndiko kugumu kuliko yote, na hapa inafaa kutumia muda mwingi. Sahani ya gurudumu iwe kavu, la sivyo donge litateleza. Nalibamiza katikati, nalowesha mikono, kisha naliendesha gurudumu kwa kasi kinyume cha mshale wa saa. Viwiko vinaegemea mapaja au viuno. Mkono wa kushoto unasukuma kutoka ubavuni, wa kulia unakandamiza kutoka juu. Kinachohitajika zaidi ya nguvu ni mkono usiotikisika: kiwiko kikielea hewani, udongo ndio unaousukuma mkono. Nalipandisha donge liwe na umbo la pia ndefu, nalishusha, narudia mara mbili au tatu. Kupima, nagusa ubavu kwa kidole kimoja kilichotulia. Kidole kikirukaruka, bado. Mikono huachia polepole, kwani kuiondoa ghafla kunaliyumbisha donge upya.

Baada ya hapo nazamisha kidole gumba katikati na kupima unene wa kitako kwa sindano: milimita 6 hadi 8 zinatosha, au 10 hivi ikiwa nitachonga mguu, yaani duara la kusimamia, chini yake. Usiruke hatua inayofuata, yaani kukikandamiza kitako kwa kidole kutoka katikati kwenda nje na kurudi. Kuta hubanwa wakati wa kuvutwa juu, lakini kitako hakibanwi na chochote, kwa hiyo kikikauka hutoa ufa wenye umbo la herufi S. Ufa huo unaweza kujificha hadi chombo kitoke motoni. Maji yaliyotuama ndani nayo huchangia, hivyo nayanyonya kwa sifongo kila mara.

Kuvuta ukuta kunataka kasi ndogo. Vidole vya ndani na vya nje vinatazamana na kupanda pamoja taratibu, bila kuutangulia mzunguko wa gurudumu. Mivuto mitatu au minne inatosha. Ukizidisha, ukuta hunywa maji na kuketi chini. Baada ya kila mvuto naubana mdomo ili usichanike. Nashauri vyombo vya kwanza vikatwe kutoka mdomoni hadi kitakoni kwa waya, vikiwa bado vibichi: unaona mara moja ukuta ulivyo mnene chini na mwembamba juu. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayofikia hapo.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na kwa kuumba umbo ni kweli tupu. Kuchonga mguu na kubandika mkono wa kikombe, hata hivyo, kunasubiri udongo ukakamae hadi ushikike bila kubonyea. Mkono na kikombe viwe na unyevu mmoja. Mkono mbichi ukibandikwa kwenye kikombe kikavu, utasinyaa zaidi na kujikata kwenye kiungo. Nachanja pande zote mbili, napaka uji wa udongo uleule, nabana, kisha nafunika kwa plastiki ili vikauke polepole.

Jokoni, wengi huamini hewa iliyobaki ndani ya udongo ndiyo inayolipua vyombo. Kinacholipua ni mvuke. Hewa hukandwa itoke kwa sababu huyumbisha ukuta na kuudhoofisha. Kabla ya kupanga joko, nagusisha chombo shavuni, na kikiwa baridi bado kina maji. Moto wa kwanza unashikiliwa chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, hasa kwa vyombo vinene, ndipo upandishwe hadi kama nyuzi 1,000. Katika nyuzi 573 chembe za kwazi, madini magumu ya mchanga yaliyomo udongoni, hubadilika ukubwa ghafla, kwa hiyo hapo joto lipande na kushuka kwa utaratibu.

Chombo kilichochomwa mara ya kwanza kina kiu, na kiu hiyo ndiyo inayoshikisha glezi, yaani unga wa madini uliokorogwa na maji ambao huyeyuka motoni na kuwa ngozi ya kioo. Nafuta vumbi kwa sifongo yenye unyevu, nachovya kwa sekunde 2 au 3, kisha nasafisha milimita 5 za chini ili chombo kisigande kwenye rafu. Alama ya mafuta ya mikono huifanya glezi ijikunje na kuacha mabaka matupu. Glezi na udongo lazima viwe vya kuiva kwenye joto moja, maana udongo wa moto mdogo unaweza kuyeyuka kwenye moto wa nyuzi 1,250.

Sakafu ya karakana husafishwa kwa kitambaa kilicholowa, kamwe si kwa ufagio mkavu, kwani vumbi la udongo lina madini ya silika yanayodhuru mapafu.

Jaribio langu la mwisho kwa kila chombo ni kukijaza maji na kukiacha juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, udongo haukuiva kiasi cha kuziba vinyweleo, na chombo hicho nakitengea vitu vikavu.