Dar hadi Njombe kwa pikipiki: baridi ya Julai, jua la Oktoba

Nilipofika Nyololo, mbele ya Mafinga, sikuweza kuvuta klachi. Vidole vya mkono wa kushoto nilikuwa naviona, naviamuru, havikunji. Nikaingia kwenye vibanda vya kando ya barabara na gia ya tatu, nikakanyaga breki ya mguu, injini ikazimika. Ilikuwa Julai, giza linaanza kuingia, na alfajiri ya siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka Mbezi nimevaa fulana ya pamba, jaketi la jinsi na glavu zilizokatwa vidole.

Nilikuwa na kazi ya miezi mitatu Njombe na pikipiki ilihitajika kule. Kuipakia kwenye buti la basi walitaka shilingi 80,000, na nauli yangu mwenyewe bado. Nikaona niendeshe. Chalinze, Morogoro na Mikumi sina la kuzisimulia, zaidi ya soda ya moto niliyouziwa kwa bei ya baridi.

Makosa yalianzia Ruaha Mbuyuni. Pale ni bondeni, chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na hata Julai jua la saa saba mchana linakutoa jasho. Kisha ukaanza mlima Kitonga. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, huwezi kuyapita kwenye kona zile, kwa hiyo hupati upepo na joto lote la injini linakupanda mapajani. Nilipofika juu, fulana ilikuwa imelowa chapachapa. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500, hewa ikawa tamu, nikafurahi. Utamu ule ndio uliostahili kunishtua. Kila unapopanda mita 1,000 joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na Mafinga iko takriban mita 1,900. Ukijumlisha na jua linalozama, mtu aliyelowa jasho hana muda mrefu.

Kuna hesabu ambayo kila anayepanda nyanda za juu angepaswa kuijua. Hewa ikiwa nyuzi 10 na wewe unakwenda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 4. Hewa ikishuka hadi 5, kwa mwendo huohuo inahisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Hapo ni mtu mkavu. Nguo iliyolowa inakunyang'anya joto haraka zaidi, na pamba ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa inashika maji na haiyaachii.

Pale Nyololo kulikuwa na mama anauza chai na maandazi, jiko la mkaa liko mbele yake. Nilimwamkia, nikanyoosha mikono kwenye moto. Akaisukuma kando kwa mwiko.

"Marahaba. Usiushike moto, mwanangu, utaungua na hutajua. Weka makwapani."

Alikuwa na haki kabisa. Vidole vilivyokufa ganzi havisikii moto, na wapo wanaovishika kwenye ekzosi au kwenye mapezi ya injini wakajikuta na malengelenge saa moja baadaye. Makwapani joto linarudi polepole na kwa usalama. Linauma linaporudi, vumilia.

Kisha akanigusa mgongoni. "Hii fulana umeoga nayo? Vua kwanza. Chai baadaye."

Nilibadilishia nyuma ya kibanda chake, nikavaa jezi ya mpira wa miguu iliyokuwa kwenye begi. Akachukua magazeti anayofungia maandazi, akaniambia niyapange kifuani chini ya jaketi, kurasa nne nne, kutoka shingoni hadi kitovuni. Zamani, alisema, madereva walikuwa wakivaa mifuko ya rambo mikononi na miguuni, lakini tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 watu wamerudi kwenye magazeti. Nilikunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Kama dakika ishirini hivi zikapita, na vidole vikakunja. Sikuwa nimeongeza chochote mikononi.

Hilo ndilo lililonishangaza, na ndilo ninaloandikia. Kifua kikipoa, mwili unabana damu ya mikono na miguu ili kuokoa moyo, mapafu na viungo vya ndani. Unaweza kununua glavu za laki moja, kama kifua kiko wazi vidole vitaganda ndani yake. Anza na kifua na shingo. Shingo hasa, maana upepo ukiingia kwenye kola unashuka hadi tumboni na sweta lote linakuwa kazi bure. Mzula wa kuvuta hadi shingoni, ule mwembamba unaoingia chini ya helmeti, ulitosha kabisa.

Ukianza kutetemeka, tayari umechelewa kidogo. Ukiona mtetemeko umeacha wenyewe na bado baridi ipo, unakosea gia, au ulimi unakuwa mzito, hapo simama mahali popote penye watu. Usijiambie zimebaki kilomita thelathini.

Nililala hapohapo. Nyumba ya wageni walinitoza 20,000 kwa chumba chenye "maji ya moto", na nilipouliza yako wapi nikaambiwa ndoo ni 2,000 ya ziada, na blanketi la pili 1,000. Nililipa vyote. Jaketi la mtumba la kuzuia upepo, ambalo soko la Karume, Dar, ningelipata kwa 15,000, kule jirani yao aliniuzia 40,000 bila kupunguza hata mia, maana aliiona mikono yangu.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande na kijiweni kila pikipiki ilikuwa imefungwa kinga za mikono za madumu. Fundi aliyekuwa pale alinitengenezea zangu kwa 5,000, na hii ndiyo pesa pekee ya safari nzima ambayo sikuinung'unikia. Anachukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, analikata kitako na shingo, kisha analipasua kwa urefu katikati. Unapata vipande viwili vilivyopinda, kimoja kwa kila mkono. Anatoboa kwa msumari uliochomwa moto, kwa sababu tundu la kisu linaanza kupasuka siku ya pili. Tundu la kwanza linaingia kwenye shina la saiti mira na kubanwa na nati yake. Matundu mawili ya pembeni yanafungwa kwa waya laini kwenye ncha ya usukani, ncha za waya zikikunjwa kuelekea nje zisichane glavu.

Lakini kazi haijaisha hapo, na wengi wanaishia hapo. Kati ya plastiki na mkono wa klachi, na vivyo hivyo breki, iache nafasi ya vidole viwili. Upepo wa kilomita 80 unasukuma dumu nyuma, na likigusa breki utaenda umeshika breki bila kujua. Kata usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto, uangalie kama waya wa klachi haunaswi. Zungusha eksileta uiachie: lazima irudi yenyewe kwa mlio. Isiporudi, ng'oa ufunge upya. Fundi yule alifungua ya kulia mara mbili hadi akaridhika.

Kuhusu nguo, baada ya miezi mitatu ya Njombe nimeishia hapa. Karibu na ngozi, jezi ya mpira, kwa kuwa haikai na jasho. Juu yake sweta la sufu au la manyoya, hata la mtumba, lisilobana, kwa sababu kinachokupasha joto ni hewa iliyokaa ndani yake. Juu kabisa, kitu kisichopitisha upepo, hata koti la mvua la kawaida. Jinsi inapitisha upepo, usidanganyike na unene wake. Magotini suruali mbili, ya ndani iwe ya trakisuti. Miguuni soksi moja nene ndani ya kiatu chenye nafasi. Mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu na baridi inaingia zaidi. Glavu vivyo hivyo, ziwe pana kidogo, na mkono wa jaketi uingie ndani ya glavu au uifunike moja kwa moja, pasibaki pengo pale kiganja kinapoanzia.

Kioo cha helmeti kitajaa mvuke wa pumzi asubuhi. Paka sabuni ya kuoshea vyombo kidogo sana upande wa ndani, futa kwa kitambaa kikavu hadi usiione. Inakaa safari moja. Na pikipiki yenyewe asubuhi ya baridi, vuta choki, washa, iache kama dakika moja mpaka mlio utulie, kisha rudisha choki. Ukiisahau wazi itakula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Kazi yenyewe haina haja ya kuelezwa hapa. Nilirudi mwisho wa Oktoba.

Niliondoka Njombe saa kumi na mbili asubuhi na nguo zote hizo, Iringa nikavua sweta, na kabla ya kushuka Kitonga nikabadili jezi nikavaa fulana ya pamba, ileile iliyotaka kuniua Julai. Ruaha Mbuyuni mchana wa Oktoba ni mahali pengine kabisa. Mibuyu haina jani, wauza vitunguu wamekaa kwenye vivuli vyembamba vya mashina, na upepo unaokuja mbele una joto kuliko ngozi yako. Vijana wawili walinipita vifua wazi. Niliwakuta mbele wamesimama, mmoja ameinamisha kichwa.

Ngozi ina joto la nyuzi 34 au 35 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unakupoza, kwa hiyo fungua jaketi. Ikizidi hapo, upepo unakuongezea joto na kukukausha jasho haraka kuliko unavyolitoa. Kipimo ni rahisi, shusha zipu ukiwa unakwenda. Ukihisi nafuu, iache wazi. Ukihisi moto kifuani, funga.

Ukishafunga, lowesha fulana. Nilibeba dumu la lita 3 la maji ya kujimwagia, mbali na ya kunywa. Lita moja inatosha fulana; ikamue isidondoke, vaa, vuta zipu hadi kifuani, acha kola na mikono wazi kidogo ili hewa ipenye taratibu. Inakaa baridi dakika thelathini hadi arobaini, kisha unarudia. Kitambaa cha khanga kilicholowa shingoni kinasaidia sana. Suruali usiiloweshe, kwani mapaja yaliyolowa yakisuguana na siti ya rekzini yanachubuka, na kidonda hicho kinakaa wiki. Kwenye siti niliweka gunia la katani lililokunjwa mara mbili na khanga juu yake. Linapitisha hewa, na halishiki jua kama rekzini nyeusi.

Kunywa kabla ya kiu, nusu lita kwa saa au zaidi kidogo, mafunda madogo. Ukitoka jasho sana maji matupu hayatoshi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya sawasawa, si vya mlima. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, simama kivulini. Ukiacha kutoka jasho na kichwa kinagonga, usiendeshe tena siku hiyo.

Tangi usilijaze hadi mdomoni, petroli inatanuka juani na itakumwagikia mapajani. Acha vidole viwili. Upepo wa tairi pima asubuhi tu. Mchana kipimo kinapanda kwa joto, na ukipunguza hapo, kesho yake tairi limelegea.

Kwetu Pangani wavuvi wanatoka baharini na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote na kitambaa kichwani kilicholoweshwa maji. Nilikulia hapo nikidhani ni uzee. Mjomba wangu angeenda shamba la minazi saa sita mchana na koti kuukuu, sisi watoto vifua wazi, na jioni tuliokuwa na homa ni sisi. Nilimkumbuka nikipita Mikumi nimejifunga zipu, baridi safi kifuani, magari yote vioo juu.

Ujanja huo una mwisho wake. Unategemea hewa kavu inayonyonya maji, na ukishuka kuelekea pwani hewa imeshiba. Nilipolowesha fulana Chalinze haikukauka, ikanata mgongoni na joto likabaki palepale. Niliivua Mlandizi, nikavaa jezi, nikafungua zipu zote, na foleni ya Kibaha nikaipita nimesimama kwenye pedali ili upepo upite chini yangu.