Siku moja maishani mwangu: maabarani na rangi ya uzee wa jicho

Saa 2 asubuhi. Nazima taa nyeupe, nawasha nyekundu hafifu, ndipo naanza kugusa chupa. Ninachotafuta ni A2E, rangi ya manjano inayorundikana na umri ndani ya lipofusini, yaani taka za seli, nyuma ya retina, utando wa jicho unaopokea mwanga. Ni molekuli mbili za retinali (aina ya vitamini A) zilizoungana na ethanolamini moja, itokayo kwenye fosfolipidi, mafuta ya utando wa seli. Seli zilizo nyuma ya retina humeza kila siku ncha za seli zinazopokea mwanga, ila A2E huvishinda vimeng'enya vyake, ikabaki humo.

Mchanganyiko wa kutengeneza A2E umekaa gizani siku mbili: retinali miligramu 100, ethanolamini miligramu 9.5, ethanoli mililita 3, asidi ya asetiki mikrolita 9.3. Naukausha bila joto kali, naupitisha kwenye safu ya silika. Retinali iliyobaki hushuka kwanza. A2E ina chaji, hung'ang'ania hadi methanoli iongezwe pamoja na asidi kidogo.

Saa 5. Kromatografia, yaani kutenganisha kemikali moja moja. Nyuma ya kilele cha A2E, chenye masi 592, huja kidogo cha iso-A2E, pacha wake mwenye umbo tofauti. Hicho ndicho nakichunga: kikikua, kuna mahali mwanga umepenya.

Saa 7 mchana. Kwa kiasi kidogo hivi siiamini mizani. Mabaki ya asidi na kiyeyusho huongeza uzito. Natumia spektrofotomita, kipima mwanga unaofyonzwa: ndani ya methanoli, kwa nanomita 439, ufyonzaji wa 0.37 kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1 ni mikromoli 10 kwa lita.

Saa 8. Seli za ARPE-19, aina ya seli za nyuma ya retina zinazokuzwa maabarani, zilizolishwa A2E zinapigwa mwanga wa buluu wa nanomita 430. Pembeni kuna sahani yenye A2E bila mwanga, na nyingine yenye mwanga bila A2E. Kwanza naondoa chakula cha seli, naweka bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika asidi) yenye glukosi. Chakula kina riboflavini (vitamini B2), nayo ikimulikwa huzalisha oksijeni kali, seli zikafa na lawama ikaangukia A2E bure. Joto la taa nalo huua, kwa hiyo kipimajoto hakitoki kwenye sahani.

Saa 11 jioni. Masi za A2E zimepanda: 608, 624, kila hatua 16, yaani atomi moja ya oksijeni. Wakati huohuo ufyonzaji kwa 439 umeshuka, na hapa wengi hupotoka wakidhani sumu imekwisha. Mnyororo wa vifungo maradufu umekatika, na vipande vyake, methilglioksali (kipande chenye sumu) ikiwemo, hushambulia protini. Ndiyo maana sitoi jibu kwa rangi pekee bila kipimo cha masi.

A2E iliyobaki naigawa kwenye vichupa vidogo chini ya argoni, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kikifunguliwa, hakirudi kwenye friza.