Nilivyopata drili ya betri inayoiweza linta

Kazi zangu ni kufunga pazia, braketi za TV na makabati ya ukutani hapa Dar, na wateja wengi wananiita nyumba ndo imeisha tu, umeme bado haujaungwa. Kwa drili ya waya maana yake uombe umeme kwa jirani uburuze ekstensheni hadi ghorofani. Nikasema hapana, natafuta ya betri, ila ya kazi ngumu kweli, maana pazia linakaa juu ya dirisha na pale juu ndo ipo linta, zege na nondo, sio tofali.

Kariakoo utaoneshwa drili zimeandikwa 48V, 88V mpaka 128V. Mi nilikuwa nachomoa betri naishika kwanza nione uzito, halafu napiga hesabu. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, kwa hiyo 18V ni seli 5 zimefuatana, zikijaa chaji kila moja inafika kama 4.2 ndo maana wengine wanaandika 20V au 21V na ni kitu kilekile. Sasa hiyo 128 inataka seli zaidi ya 30, zimekaa wapi kwenye kibetri cha kuenea kiganjani?? Ukimuuliza muuzaji anacheka tu. Mi nikaachana na volti nikawa naangalia Ah (ampea-saa, yaani betri inabeba chaji kiasi gani), maana 18V ya 5Ah inabeba wati-saa 90, ya 2Ah inabeba 36 tu.

Ila kilichoamua zaidi ni inavyogonga. Drili ya hama ya kawaida ndani ina visahani viwili vyenye meno vinarukiana, kwenye tofali iko poa, kwenye linta inapiga kelele na wewe unasukuma na kifua mpaka unachoka. Ya SDS (ile ya biti zenye mifereji shinani, unazichomeka tu) ina pistoni inabana hewa, hewa ndo inatupa kinyundo kwenye biti, we kazi yako kuishika na kuegemea kidogo. Nikaomba tujaribu kwenye kipande cha zege pale nje ya duka, biti ya mm 8 ikaingia unga unamwagika mweupe, nikajua hii ndo yenyewe. Nilichungulia pia matundu ya nyuma wakati inazunguka, yenye kaboni (vipande vinavyosuguana na mota kupeleka umeme) utaona cheche za bluu, hii haikuwa nazo. Mota isiyo na kaboni haipotezi chaji kwenye msuguano huo na hakuna kaboni za kubadilisha.

SDS haikai vizuri kwenye skrubu za jipsam, so nikachukua na drili ndogo ya kampuni hiyohiyo ili betri ziingiliane. Ile ina ringi ya namba shingoni, naweka namba ndogo, skrubu ikikaza drili inaachia yenyewe haichani bodi.

Site naanza na mm 6 halafu 8, kisha fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu). Ikigonga nondo utasikia mlio umebadilika na biti haiendi, usilazimishe, sogeza tundu. Na hendeli ya pembeni usiivue, biti ikinasa drili inazungusha mkono wako.

Betri ikitoka kazini ya moto naiacha ipoe kwanza ndo naichaji, na siiachi kwenye gari juani. Usiikamue mpaka mwisho ukaitupa stoo miezi, chaja nyingi zitaigomea.

Mwenye swali la biti aulize, za bei poa kwenye nondo zinaisha meno fasta sana.