Bahari ya mume wangu, magofu yangu

Mume wangu anataka bahari tu. Mimi, mtoto wa Tukuyu niliyekulia kwenye mvua, nataka magofu ya Wamaya. Tumekubaliana: rasi ya Yucatán, Meksiko, Februari, kiangazi chao.

Tulum inatupatanisha, maana magofu yako juu ya jabali na Bahari ya Karibi iko chini yake. Chichén Itzá, mji mwingine wa kale wa Wamaya, tutaingia mara tu milango inapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Piramidi yake ya Kukulkán ina vidato 91 kila upande. Pande nne na jukwaa la juu, jumla 365. Kupanda ni marufuku, magoti yangu yanashukuru.

Ila mimi nausubiri zaidi mji wa Valladolid na chakula chake: cochinita pibil, nguruwe aliyefungwa kwenye majani ya mgomba akaokwa shimoni. Mnyakyusa gani atakataa?