Releve yangu ilivuka ziwa ndani ya sashe

Usiku ule Nyiragongo inalipuka, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mi nilikuwa dezyemu gradua, mwaka wa pili wa iniversite, huko Goma. Kisha siku chache wakasema tutoke mu muji, nikabeba mutoto, vitenge mbili na sashe yenye releve yangu (karatasi ya pointi) ya mwaka wa kwanza, tukapanda boti mpaka Bukavu. Nilijua ni ya wiki mbili tu.

Kurudia masomo nilirudia 2023. Yule wa aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, akaangalia releve akasema hii ni ya gradua, sisi sasa tuko mu LMD, mufumo mupya wa lisansi, masta na dokta, anza L1, mwaka wa kwanza. Kontabilite ile nilikesha nayo, statistike nililia ndio nikapita, yote zero? Nilirudi nyumba bila nguvu ya kuongea.

Na hapo njo roho inaniuma, ju LMD yenyewe ni kredi, njo pointi za masomo umepita, 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi, na kredi ukiisha kuipata ni yako, haitakiwe kupotea ju umevuka ziwa ao umezaa. Professeri moja njo alinionyesha njia: omba ile shule ya zamani programu ya kila somo na masaa yake, weka pembeni ya programu yao, andika barua kwa doyeni, mukubwa wa fakulte, uombe ekivalansi, njo kukubaliwa masomo ulisha kupita, usiishie pa dirisha ya aparitora. Nilifanya vile, wakanikubalia masomo tisa.

Toka 2025, vita ilipoingia Goma na kisha huku Bukavu, benki zikafunga, batu wanahama tena na wengi hawana hata karatasi moja. Siku ya posho (samedi) tunakaa kwangu Kadutu tunaandika barua, mwenye simu anaandikia sekretere wa fakulte kule alitoka. Jameni, hata ukiwa na releve moja tu, piga picha leo, tuma kwa dada yako.

Na shule zetu, nawaomba, mupokee minervale, feza ya masomo, kidogo kidogo na muweke masomo ya mangaribi, mama wa soko hawezi kuacha meza saa nne ya asubuyi.

Kuna papa moja wa taksi-moto alimaliza masomo yote 2019, akabakisha TFC tu, ile kazi ya kuandika ya mwisho, feza ikaisha. Mwezi uliopita tulipata direktere wake, professeri mwenye kuongoza TFC, ku WhatsApp, akajibu siku ileile. Shapitre ya pili ataileta posho hii.